Muuguzi Aliyeandika Pumzi za Mtoto Asiyekuwepo

Saa moja kasorobo asubuhi, mwanamke wa miaka arobaini na nne anasimama mbele ya ubao wa matangazo wa wodi ya watoto, mkoba ukiwa bado begani, anasoma karatasi ambayo jana haikuwepo.

Ni ratiba ya zamu ya wiki ijayo. Kila siku, kila zamu, ina majina mawili. Kwa siku tisini zilizopita yalikuwa manne.

Anabana saa yake ndogo kifuani, ananawa mikono hadi viwikoni, anaingia ndani. Watoto ishirini na tisa wanamsubiri, na kumi kati yao wanalia kila mmoja kivyake, kama redio kumi zilizofunguliwa stesheni kumi.

Wazazi wanamwita Mama Mizani. Jina hilo amelipata kwa ubishi. Katika wodi ya watoto dawa hutolewa kwa kilo, na yeye hakubali kilo za kukisia. Asubuhi hii anamvua nguo mtoto wa mwaka na nusu, anamlaza kwenye mizani, anasubiri mpaka ule mshale utulie.

"Kilo nane na gramu mia mbili."

"Alipopokelewa waliandika tisa," anasema muuguzi mwenzake, kijana mrefu anayeitwa Kaka Dripu kwa sababu hakuna mshipa uliowahi kumkimbia.

"Walimpima na sweta, viatu na mdoli wake. Sisi leo tunamtibu yeye. Mdoli haumwi."

Mama wa mtoto anacheka, cheko la kwanza tangu alipolazwa naye juzi. Kaka Dripu anakokotoa dozi upya, Mama Mizani anaikokotoa peke yake kwenye karatasi nyingine, wanalinganisha majibu, wote wawili wanaweka saini. Inachukua dakika tatu. Hizo dakika tatu ndizo zinazogombewa leo.

Saa saba mchana mkuu wa hospitali atashuka wodini kutoa uamuzi: je, wauguzi wanne kwa zamu, waliowekwa kwa majaribio ya siku tisini, wabaki, au wodi irudi kwa wawili kama ilivyokuwa? Karatasi ya ubaoni imeshajibu kabla yake.

"Barua yangu ya kuomba kuhama iko mkobani," anasema Mama Mizani huku akifuta mizani kwa dawa. "Wakisema wanne, naichana. Wakisema wawili, naikabidhi leo leo, nikakae masjala nipange mafaili. Miaka kumi na tisa nimelea watoto wa watu humu. Lakini kule nilikofika, sirudi."

Kule alikofika ndiko kunakostahili kusimuliwa, maana wapo wanaotaka kusahaulike.

Miaka kumi na moja iliyopita wodi hii ilikuwa na wauguzi wanne kwa zamu. Ilikuwa pia na chumba cha mapumziko, kidogo, chenye birika, meza na viti viwili vya plastiki. Siku moja ikaja barua fupi: wauguzi wawili wa kila zamu wanahamishiwa kitengo kingine, kwa muda. Mwaka uliofuata chumba cha mapumziko kikafungwa ili kuhifadhi mashine ya kunakili iliyoharibika.

Mashine mbovu ikapewa chumba. Wauguzi wazima wakapewa ukuta wa kuegemea.

Huo "muda" ukala mwaka, ukala miaka mitano, ukamaliza kumi. Vitanda viliongezwa kutoka ishirini hadi thelathini na nne. Hakuna aliyesimama kwenye kikao hata kimoja akauliza muda huo unaisha lini, na waliokuwa na mamlaka ya kuuliza walikuwa na kipaza sauti mbele yao.

Tusidanganyane kuhusu maana ya wauguzi wawili kwa watoto thelathini na zaidi. Mtu mzima akizidiwa atakuita. Mtoto wa miezi saba hakuiti. Anabadilika rangi ya midomo, ananyamaza, na lazima pawe na mtu anayemtazama wakati ananyamaza. Kila baada ya saa mbili kila mtoto hupimwa joto, mapigo ya moyo na pumzi. Pumzi zenyewe huhesabiwa dakika nzima, jicho likiwa kifuani, kwa sababu mtoto mgonjwa hapumui kwa mpangilio. Ongeza dawa, dripu, nepi, matapishi, na mama anayelia kuliko mwanawe.

"Tulikuwa tunakunywa maji mara moja kwa zamu," anasema Kaka Dripu. "Kwa makusudi kabisa. Ukinywa mara mbili utataka kwenda msalani, na ukienda msalani watoto kumi na saba wako wanabaki na nani?"

Katika miaka miwili wauguzi saba waliacha kazi. Mmoja alizimia kwenye chumba cha kuchanganyia maziwa. Utawala ulichukua hatua, kweli. Ulileta mtaalamu kutoka nje, akafundisha ukumbini namna ya kuvuta pumzi kwa kuhesabu hadi nne. Wauguzi wa zamu hawakuhudhuria, hawakuwa na wa kuwashikia wodi. Wakatumiwa kalamu zilizoandikwa "Jali Akili Yako".

"Ziliisha wino kabla ya wiki," anasema Kaka Dripu. "Kalamu zenyewe zilichoka."

Mama Mizani hakuzimia, na pengine ingekuwa heri. Kwake uchovu uliingia taratibu, bila kupiga hodi. Kwanza aliacha kusikia kilio. Anasema alikuwa anaona mdomo wa mtoto umefunguka, anaona machozi, lakini sauti inamfikia kama inatoka nyumba ya jirani. Kisha akaacha kukumbuka nyuso. Mzazi alimshika mkono sokoni, akamshukuru kwa kumwokoa mwanawe, naye akaitikia vizuri bila kujua anaongea na nani.

Kisha uchovu ukaingia nyumbani. Mumewe ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache. Anaeleza akiwa amekaa kwenye stuli ya karakana yake, bisibisi mkononi.

"Akirudi kutoka kazini alikuwa anaingia bafuni, anafungulia maji, hakai chini ya maji. Anakaa tu pembeni kwenye ndoo iliyopinduliwa. Saa nzima. Mimi na watoto tunaongea kwa kunong'ona kama tuna msiba. Nikamwuliza, mama watoto, nimekukosea nini? Akaniambia, hakuna mtu aliyenikosea, nataka tu pasiwe na mtu anayenihitaji kwa dakika kumi."

Wana watoto watatu. Wa mwisho ni msichana, wakati ule alikuwa na miaka minane. Jumapili moja mezani mama yake alimgeukia akamwambia, "Wewe wa kitanda cha sita, maliza chakula."

Nyumba nzima ikacheka. Msichana naye akacheka. Wiki ile ile akaitwa tena kitanda cha sita, na mara ya tatu hakucheka. Alimwuliza baba yake kama mama amelisahau jina lake.

"Nilifunga karakana siku ile," anasema fundi. "Nikamwambia mke wangu, nenda kwa wakubwa wako, useme unaumwa. Akaniuliza, naumwa nini? Sina homa, sina kidonda. Nitaandikiwa nini?"

Hakwenda. Wauguzi hufundishwa kutambua ugonjwa wa kila mtu isipokuwa wao.

Ikaja siku ya kitanda cha kumi na saba.

Alikuwa amelazwa hapo msichana wa miaka mitatu aliyekuwa na nimonia. Alipona, akaruhusiwa, akaondoka na mama yake alasiri akiwapungia mkono wote. Kitanda kikatandikwa. Chati yake, kwa haraka za siku hiyo, ikabaki imening'inia kwenye ukingo wa kitanda.

Kesho yake Mama Mizani aliingia zamu na mwenzake mmoja. Watoto walikuwa thelathini na watatu. Saa tatu asubuhi alizunguka na kalamu yake, akafika kitanda cha kumi na saba, akaandika: joto thelathini na sita nukta nane, pumzi ishirini na sita, amekunywa maziwa nusu kikombe. Saa tano akaandika tena. Saa saba akaandika tena, safari hii akaongeza: anacheza.

Saa nane daktari wa wodi akapita. Akasoma chati, akatazama shuka lililonyooka.

"Sista," akamwita, "huyu mtoto anayecheza yuko wapi?"

Mama Mizani anakumbuka kwamba jambo la kwanza alilofanya ni kuinama kuchungulia chini ya kitanda.

"Nilimtafuta, unaelewa? Nilimtafuta mtoto niliyemuaga mimi mwenyewe jana yake. Na akilini mwangu nilikuwa na hakika nimemhesabia pumzi. Nilikuwa naona kifua kikipanda."

Wodi zote za aina hii zina kosa hilo, na hakuna mtu wa nje anayeweza kulifanya. Linataka mkono uliozoea kazi kiasi kwamba unaendelea peke yake wakati mwenye mkono ameshaondoka.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliichomoa ile karatasi, akaikunja mara mbili. "Hakuna aliyeumia," alimwambia kwa sauti ya chini. "Tuitupe, yaishe."

Lakini hesabu nyingine ilikuwa imeshaanza kichwani mwa Mama Mizani. Kama ameweza kuandika kwamba mtoto asiyekuwepo anapumua vizuri, je, hawa waliopo ameandika nini juu yao?

Alichukua kipimajoto akaanza upya, kitanda cha kwanza hadi cha mwisho, thelathini na watatu wote, bila kuruka hata mmoja. Kwenye kitanda cha tano alimkuta mtoto wa miezi kumi aliyeandikwa joto thelathini na saba. Kipimajoto kilisema thelathini na tisa nukta sita. Midomo ilikuwa inakauka.

Mtoto yule alitibiwa mara moja, akapona, akarudi kwao. Ila Mama Mizani alimfuata daktari, akanyoosha mkono.

"Naomba karatasi yangu, daktari. Haitupwi."

Akaandika taarifa yeye mwenyewe, kurasa mbili: kitanda cha kumi na saba, kitanda cha tano, muda, idadi ya watoto, idadi ya wauguzi. Akaweka saini, akaipeleka ofisini kwa miguu yake. Taarifa ya mafua ya mkubwa ingejibiwa kwa pole. Hii ilijibiwa siku ya pili kwa barua ya kusimamishwa kazi siku ishirini na moja, na wito wa kamati ya nidhamu. Kilichokuwa mezani ni leseni yake.

Haya ndiyo malipo ya mkweli katika nyumba iliyozoea uongo wenye saini.

Kamati ilikaa siku ya Alhamisi. Watu watano, chupa tano za maji. Upande wa mshtakiwa kulikuwa na kiti kimoja na hakuna chupa. Mwenyekiti alisoma shtaka la uzembe, akamwuliza kama anakubali.

"Nakubali niliandika uongo," alijibu. "Kwamba niliuandika peke yangu, hapo sikubali."

"Unamaanisha nini?"

Mlango ukagongwa. Akaingia Kaka Dripu, aliyepaswa kuwa nyumbani amelala. Nyuma yake wauguzi wengine kumi wa wodi ile, wote waliokuwa nje ya zamu. Hakuna aliyewaita. Mama Mizani mwenyewe alishtuka, akadhani kuna mtoto amefariki.

Kaka Dripu aliweka karatasi mezani. "Mimi niliandika kitanda kitupu mwezi wa tatu. Mara mbili. Sikusema." Mwingine akaweka yake: alimwandikia mtoto mapigo ya moyo wakati mtoto yuko chumba cha eksirei. Mwingine: alitia saini ya pili kwenye dozi bila kuitazama, siku zisizohesabika, kwa sababu mwenzake aliyeikokotoa alikuwa yuko ng'ambo ya wodi na hakuna muuguzi wa tatu. Karatasi kumi na moja, kila moja na jina kamili.

"Mnajua mnachofanya?" Mwenyekiti alivua miwani. "Nyote mnaweza kufukuzwa kazi."

Akajibu muuguzi mkongwe kuliko wote, ambaye wodini wanamwita Mama Mkubwa. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na mwenye mwaka mmoja ana mengi ya kupoteza.

"Tufukuzeni," alisema. "Ila kesho saa moja asubuhi mje kupokea wodi nyinyi wenyewe. Aprini tutawaachia, zimefuliwa."

Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Metroni, mkuu wa wauguzi wote, ambaye alikuwa mmoja wa wale watano, na ambaye wauguzi kwa siri walimwita Jiwe, alifungua mkoba wake akatoa karatasi iliyofungwa kwenye plastiki. Ilikuwa ile barua ya miaka kumi na moja.

"Inasema 'kwa muda'," alisema, na sauti yake haikuwa ya jiwe. "Saini hii chini ni yangu. Nimeitunza kwa sababu kila mwaka nilikuwa najiambia mwaka huu nitauliza. Kama mnatafuta mzembe, mwenyekiti, anzeni na mimi."

Kamati iliahirishwa. Iliporudi, leseni ya Mama Mizani ilibaki kwake na onyo la maandishi, na wodi ikapewa majaribio ya siku tisini: wauguzi wanne kwa zamu, nusu saa ya mapumziko kwa kila mmoja mlango ukiwa umefungwa, na kila dozi ikaguliwe na macho ya watu wawili yaliyo wazi. Mashine ya kunakili ikatolewa chumbani. Watu wanne waliibeba, na wanasema halijawahi kubebwa jeneza kwa furaha kama ile.

Ukitaka ushahidi wa siku hizo tisini, umeandikwa. Kabla ya majaribio, dozi zilizochelewa zaidi ya saa moja zilikuwa mia moja arobaini kwa mwezi. Mwezi uliopita zilikuwa tisa. Siku ambazo wauguzi walikosa kufika kazini kwa kuumwa zilishuka kutoka thelathini na nane hadi sita. Hakuna aliyeacha kazi. Mmoja wa wale saba walioondoka amerudi, na alipoulizwa kwa nini, alisema amesikia kuna kiti.

Mama Mizani alipata matibabu pia, wiki nane za kukaa na mshauri, kwa jina halisi la ugonjwa wake: kuchoshwa na kazi. "Nilipoambiwa una jina, nililia," anasema. "Kumbe sikuwa mtu mbaya. Nilikuwa mgonjwa." Sauti za watoto zimemrudia. Anasema siku ya kwanza kuzisikia zote kwa pamoja alitamani kuziba masikio, halafu akacheka mwenyewe.

Ndiyo maana ile ratiba ya ubaoni inachoma.

Saa saba na dakika tano mkuu wa hospitali anaingia, daktari wa upasuaji wa miaka mingi, tai ya buluu, katibu wake nyuma na faili. Metroni amesimama kando ya kabati la dawa. "Ile ratiba si yangu," anawanong'oneza wauguzi. "Imetoka juu."

Mkuu anasoma taarifa ya siku tisini. Anawapongeza. Anawapongeza tena. Ukiona mkubwa anapongeza mara mbili, shika mkoba wako. Kisha anafika penyewe: jengo jipya la wagonjwa wa kulipia linafunguliwa wiki ijayo, linahitaji wauguzi, kwa hiyo wodi ya watoto itarudi kwa wawili, "kwa kipindi kifupi tu".

Mama Mkubwa anaangua kicheko kikavu kinachomwamsha mtoto wa kitanda cha pili.

Mama Mizani anasogea mbele. Mkono wake mmoja umeshaingia mkobani, unashika bahasha. Halafu anauacha mkoba, anachukua chati.

"Mkuu, kwa heshima yako. Watoto ni ishirini na tisa. Wauguzi wawili, maana yake kumi na watano kwa mmoja, kumi na wanne kwa mwingine. Muda wa kuwapima wote umefika sasa hivi. Nakuomba uchukue kumi na watano wako, mimi nichukue kumi na wanne wangu. Ukimaliza, chochote utakachosema nitakubali."

"Sista, nina kikao saa nane."

"Na mimi nina dawa za saa nane."

Wazazi wamegeuka wote. Bibi mmoja aliyemshikilia mjukuu anasema kwa sauti ya kutosha, "Si daktari huyu? Kupima joto kutamshinda?"

Mkuu anavua koti.

Mtoto wa kwanza anakwenda vizuri. Joto, mapigo. Kwenye pumzi anahesabu nusu dakika, anataka kuzidisha kwa mbili.

"Dakika nzima, mkuu," anaita Mama Mizani kutoka upande wake. "Huyo ana nimonia. Anaweza kunyamaza kwenye ile nusu uliyoiruka."

Anarudia. Mtoto wa pili amekwisha kuamka na hataki kuguswa na mwanamume mwenye tai. Wa tatu anapimwa, lakini kabla mkuu hajaandika, bibi anaita: "Daktari! Dripu ya mjukuu wangu imeisha!"

"Sista—"

"Mimi sipo, mkuu. Niko na kumi na wanne wangu."

Mkuu anakimbilia dripu, anaifunga mwenyewe, Kaka Dripu akiwa hatua moja nyuma yake, kimya, akihakikisha imefungwa sawa. Wa nne ametapika. Wa tano, mvulana mnene wa miezi minane, anasubiri nepi itolewe, anailowesha tai ya buluu kuanzia fundo hadi ncha. Wodi nzima inapasuka kwa kicheko, na mkuu, tuseme ukweli wake, naye anacheka.

Dakika ishirini na sita zimepita. Watoto watano. Hakuna hata dozi moja iliyotolewa.

Anafuta jasho, anachukua kalamu ajaze chati alizoziacha nyuma. Anafika ya mtoto wa tatu. Anafikiri. "Wa tatu alikuwa... thelathini na saba hivi," anajisemea, na kalamu inashuka.

Inasimama juu ya karatasi.

Hakuna anayecheka sasa. Mama Mizani anamtazama, wala si kwa ushindi. Anamtazama kama mtu anayemwona mwenzake akisimama mahali ambapo yeye mwenyewe amewahi kusimama.

Mkuu anairudisha kalamu mfukoni. Anatembea hadi kitanda cha tatu, anachukua kipimajoto, anasubiri kilie. Thelathini na nane nukta nne. Anaandika hiyo.

Kisha anakwenda ubaoni. Anaing'oa ile ratiba na pini zake, anaigeuza, anaandika kwa mkono wake upande mweupe: Wodi ya watoto, wauguzi wanne kwa kila zamu, utaratibu wa kudumu. Anaweka saini na tarehe. Anampa katibu wake, kisha anaichukua tena, anampa Metroni.

"Itunze wewe," anamwambia. "Una mkono mzuri wa kutunza karatasi."

"Na jengo jipya?" anauliza katibu.

"Litasubiri wauguzi wake. Wenye pesa zao wanajua kusubiri vizuri zaidi kuliko mtoto wa nimonia."

Imemchukua mkuu watoto watano kuelewa kilichowachukua wauguzi miaka kumi na moja kusema. Mtu asije akaandika huko mbele kwamba wodi hii ilihurumiwa. Ilidai, kwa majina kumi na mawili yaliyowekwa mezani na wenye majina wakiwa wamesimama.

Wazazi wanashangilia. Mama Mkubwa anamkumbatia Metroni, jambo ambalo Kaka Dripu anasema angeomba lipigwe picha kama mikono yake isingekuwa na glavu. Mama Mizani anaichana bahasha vipande vinne, anavitia kwenye ndoo ya taka za kawaida, kisha anatoa dawa za saa nane. Zote zinatoka kwa wakati.

Saa tisa, zamu ikiisha, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kikombe cha chai, miguu juu ya kiti cha pili. Hapo ndipo anaposema anachokitaka baada ya hiki.

Ghorofa ya juu kuna chumba cha watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati. Wako kumi na tisa, wengine wana uzito chini ya kilo moja na nusu, na kila zamu ina muuguzi mmoja. Mmoja. Mama Mizani ameomba ruhusa ya kufanya kazi huko miezi sita kuanzia mwezi ujao, akikaa na wauguzi wa huko bega kwa bega, awafundishe kuandika kila siku wamepokea watoto wangapi wakiwa wauguzi wangapi, na kuweka majina yao. Metroni amekubali kabla sentensi haijaisha.

"Hutachoka tena?" anaulizwa.

"Nitachoka. Nikichoka nitasema, na safari hii nitasema mapema." Anakunywa chai yake mpaka chini. "Nimebakiza miaka kumi na sita kustaafu. Nataka siku nitakapoaga, muuguzi mgeni akisimuliwa kwamba humu tulikuwa wawili, adhani wazee tunamtania."